Mchezaji Hewa

Nchi inayosimuliwa hapa si ile mnayoifikiria. Ile mnayoifikiria ina viongozi wasio na makosa, na kila kitu huko kinafanyika kwa wakati. Hii ni nyingine kabisa, iko mbali, na kama kuna mtu atajiona humu ndani, ajue ni kufanana tu, kama mapacha wanavyofanana.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Michezo, Utamaduni na Mengineyo, na waziri wake aliitwa Mheshimiwa Desideri Ngulumbi. Mwaka mmoja Mheshimiwa alialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa Baraza la Kriketi la Ulimwengu. Kriketi yenyewe hakuijua vizuri. Alijua kwamba kuna mtu anarusha mpira, kuna mwingine anaupiga kwa kibao, nyuma ya huyo wa kibao kuna vijiti vitatu, na kwamba mchezo ukizidi kuwa mrefu watu husimama wakanywa chai. Chai hiyo ndiyo iliyobadili historia ya taifa.

Katika ukumbi wa mkutano nchi zilikaa kwa madaraja. Wanachama kamili walikaa mbele, kwenye viti vyenye mikono, na chai ilianzia kwao. Wanachama washiriki walikaa nyuma kwenye mabenchi, na birika lilipowafikia lilikuwa limeshauzunguka ukumbi mzima. Mheshimiwa akanywa chai ya uvuguvugu. Mbele yake, kwenye kiti chenye mikono, alimwona waziri wa nchi jirani, nchi ndogo ambayo mtu akipiga chafya mashariki yake anaambiwa afya na watu wa magharibi. Waziri yule alikuwa anapuliza kikombe chake kwa sababu kilikuwa cha moto.

Mheshimiwa alirudi nyumbani, akashuka kwenye ndege bila kupunga mkono.

“Ndugu wananchi,” aliwaambia waandishi wa habari pale pale uwanjani, “hadi lini taifa hili litaendelea kunywa chai iliyopoa?”

Waandishi waliandika. Hakuna aliyeuliza chai gani.

Katibu wa Chama cha Kriketi, Bwana Ponsiano Mbekenga, aliitwa wizarani kueleza. Alieleza kwamba tatizo ni hadhi. Mwanachama mshiriki anaruhusiwa kucheza, lakini mechi zake hazina hadhi, na mechi isiyo na hadhi, kwa mujibu wa Baraza, haikutokea. Mwaka uliopita dereva mmoja wa wizara, ambaye ndiye nahodha wa timu ya wanaume, alipigwa na mpira gotini akalazwa. Kwa kuwa mechi haikuwa na hadhi, hospitali ilishauriwa kuandika kwamba goti limevimba lenyewe.

Masharti ya kupata hadhi yalikuwa mengi, na mengi kati ya hayo nchi ilikuwa imeyatimiza kwa kuyasoma kwa sauti mbele ya wageni. Moja tu liligoma. Nchi iwe na timu ya wanawake.

Mheshimiwa alitafakari, akauliza timu ni watu wangapi. Kumi na mmoja, Katibu akamjibu. Akauliza kama wote kumi na mmoja ni lazima wawe wanawake. Katibu akasema kwamba Baraza lilikuwa limeelekea kuelewa hivyo.

*

Somoe Chilumba hakuwa na habari na chai hiyo. Yeye alikuwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti linalosimamishwa katikati ya mpunga, akiamia ndege wasiule. Aliacha shule darasa la tano kwa ajili ya ndege hao, maana ndege hawangoji likizo, na tangu hapo ujana wake mwingi aliumalizia juu ya miti ile, ana rundo la madongo miguuni, anarusha na kupiga kelele. Kurusha hakukumchosha. Kupiga kelele ndiko kulikomchosha. Kutwa nzima unapaza sauti, na hakuna hata mmoja unayemwambia jambo. Watu wa kijijini walisema ni binti mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa tu amezoea kusema na viumbe ambavyo kila akifungua mdomo vinaruka.

Gari la Katibu lilichemka maji karibu na shamba hilo. Bwana Ponsiano alishuka mferejini na kidumu, na alipokuwa ameinama akasikia kitu kinapita juu ya kofia yake. Alipoinuka aliona ndege mmoja ameanguka mbali sana, na msichana juu ya dungu ameziba mdomo kwa aibu.

Katibu hakukasirika. Alimwomba arushe tena, sasa ule mti. Akaupiga. Akamwonyesha mwingine, wa mbali. Akaupiga. Kisha akamweleza kuhusu mchezo, kwamba mkono unatakiwa uzunguke umenyooka, usipinde kiwiko, na kwamba mpira ukiangusha vijiti, anayevilinda ametoka, kama mtoto aliyepigwa kwenye rede. Akamwambia kwamba taifa likipata hadhi, timu ya wanawake ya nchi jirani itakuja, na yeye atacheza nayo. Wenzake kumi upande wake, na kumi na mmoja upande wa pili.

Somoe aliuliza jambo moja tu.

“Na hao watakuwepo?”

“Wasiwepo vipi?” Katibu akacheka. “Mechi hiyo, mwanangu.”

Somoe akashuka kwenye dungu. Mama yake mdogo alimfungia nguo na mihogo ya kuchemsha, akamwambia asiwe ananyamaza sana huko aendako, wenzake watamdhania ana maringo.

*

Kambi ya timu ya taifa ilikuwa nyuma ya uwanja, bweni moja refu lenye vitanda kumi na kimoja. Somoe alichagua kitanda cha mwisho, cha ukutani, ili wenzake wakija wasimwone ana tamaa ya dirisha. Akangoja. Magodoro kumi yalikuwa bado kwenye nailoni, na joto la mchana lilipoanza kupungua nailoni zilikuwa zinajikunja zenyewe na kutoa mlio, kama watu wanaogeuka kitandani. Mara ya kwanza alisema, “Karibuni.”

Asubuhi Katibu alikuja kuita majina. Nahodha alikuwa mke wa Mheshimiwa. Msaidizi wa nahodha, dada wa Mheshimiwa. Aliyeandikwa kuwa mkimbiaji mkuu wa timu alikuwa mama mkwe wa Mheshimiwa, ambaye kanisani huletewa sakramenti kwenye kiti chake. Waliobaki walikuwa shangazi na mashemeji wa Katibu mwenyewe. Kila jina aliliita, kisha akaliitikia: “Yupo.” Aliitikia kwa sauti nyembamba kidogo, kwa heshima ya jinsia. Akifika kwa Somoe alinyamaza, kwa sababu Somoe alikuwepo, na aliyepo hujiitikia mwenyewe.

Siku moja Somoe aliamka na mafua, sauti ikagoma. Akainua mkono. Katibu alimtazama kwa masikitiko, akamwandika hayupo.

“Utaratibu ni kuitikia, binti,” alimwambia. “Wenzako wote wameitikia.”

Ikawa katika timu nzima Somoe ndiye mtoro peke yake. Ndiye aliyewahi kuumwa, ndiye aliyechakaza viatu, ndiye aliyekula. Nahodha hakuwahi kuchelewa hata mara moja, na viatu vyake vilibaki vipya mwaka mzima. Mwisho wa mwaka nahodha alipewa tuzo ya mchezaji bora na mwenye nidhamu, na Somoe akapewa onyo kuhusu viatu.

Hakuwachukia. Alijua wapo mahali fulani, kwa sababu suti zao za michezo zilikuwa zinaonekana mjini. Aliwahi kuiona ya Namba Nne sokoni, mgongoni kwa mtu, jina la nchi limeandikwa kwa dhahabu. Aliifuata suti hiyo kupita mafungu ya dagaa na maduka ya vitenge, anapanga maneno. Mwishowe akaifikia.

“Samahani, dada,” akasema. “Wewe ndiye Namba Nne?”

Aliyegeuka alikuwa mwanaume mwenye ndevu, amebeba trei ya mayai ya kuchemsha. Suti kapewa na shemeji yake, alisema, na inapitisha baridi. Alimuuliza kama anataka yai na kachumbari. Somoe akanunua moja, wakasimama pamoja kivulini mpaka likaisha. Katika miaka yake yote kambini, hiyo ndiyo siku aliyokula na mtu wa timu.

Mazoezi aliyafanya vizuri. Alirusha, akaenda kuokota, akarudi, akarusha. Alijifunza kuunyoosha mkono kadiri alivyoweza kujiona. Alijifunza kuufanya mpira udunde karibu, kisha uingie ndani ghafla. Vijiti alivipiga kila siku iliyokuja. Lakini kuna jambo moja katika kriketi ambalo mtu hawezi kulifanya peke yake, hata awe hodari namna gani, nalo ni kumtoa mwenzake. Vijiti vilianguka, na hakuna aliyetoka, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesimama pale. Alikuwa anavisimamisha tena, huku akijiambia kwamba taifa likipata hadhi watakuja watu, na siku hiyo atamtoa mmoja. Mmoja tu angemtosha.

*

Wakaguzi wawili wa Baraza walifika. Walipokelewa kwa ngoma, wakala, wakasikiliza hotuba, wakala tena. Katibu alikuwa ameshaandaa msiba, maana msiba hauhojiwi. Wakaguzi walipouliza kuhusu timu ya wanawake, alivua kofia akawaambia kwamba timu nzima imesafiri kwenda kumzika bibi mzaa babu wa nahodha. Wakaguzi nao wakavua kofia. Mmoja akatoa rambirambi, na Katibu akaipokea kwa mikono miwili.

Kwa bahati mbaya hakuna aliyemwambia Somoe kuhusu msiba. Wakaguzi walipopitishwa kuona majani ya uwanja, walimkuta katikati anarusha. Mmoja, mfupi mwenye miwani ya jua, alisimama kwenye uzio akamtazama. Kijiti cha katikati kiliruka juu kikaanguka mbali. Mkaguzi akapiga makofi.

Somoe aligeuka nyuma yake kuona nani anapigiwa.

Mkaguzi akauliza huyo ni nani. Katibu akasema huyo ni wa uwanja, maneno ambayo hayakuwa ya uongo. Mkaguzi wa pili akamvuta mwenzake shati, akamkumbusha kwamba kazi yao ni kupokea ushahidi wa timu, na kutazama watu wakicheza si ushahidi, mtu yeyote anaweza kucheza. Wakaenda ofisini. Huko walikabidhiwa ushahidi wenyewe, kila mchezaji na jalada lake, wakauona mzuri sana. Waliandika kwamba timu ya wanawake ipo, ina afya, na iko kwenye majonzi.

Waliacha angalizo moja. Kuna nchi fulani ilikuwa imepewa hadhi, baadaye ikagundulika timu yake nzima ilikuwa hewa, majina matupu. Kwa hiyo taifa lijihakiki lenyewe, na likithibitisha kwamba halina hata mchezaji hewa mmoja, kiti chenye mikono ni chake.

Mheshimiwa Ngulumbi alilipokea angalizo hilo kwa hasira kubwa, kwani hakuna kitu alichokichukia kama hewa. Alizindua operesheni. Alisimama kwenye jukwaa lenye mapambo akasema kwamba hewa ina mahali pake, na mahali pake ni kwenye matairi. Akasema haiwezekani taifa makini likachezewa na hewa. Aliwataka wachezaji hewa wote wajisalimishe wenyewe kabla hajawafikia. Mke wake, nahodha, alikuwa mstari wa mbele, na alipiga makofi mpaka bangili zikamwumiza.

*

Mhakiki alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye miwani ya kamba. Alikaa chini ya turubai pembeni ya uwanja. Majalada kumi yaliletwa na tarishi mmoja mkononi, kila moja na vyeti vyake na picha mbili zenye rangi ya bluu nyuma, na Mhakiki aliyapitisha yote kabla uji wake haujapoa. Jalada la kumi na moja halikuja. Alikuja Somoe, akaamkia, akakaa kwenye ncha ya kiti.

“Marahaba. Cheti cha darasa la saba?”

“Sikumaliza, mama. Niliishia la tano.”

“Basi cheti cha kuishia la tano.”

“Hawatoi cheti cha kuishia.”

“Cha kuzaliwa?”

“Nilizaliwa nyumbani.”

“Sijakuuliza wapi.” Mhakiki alivua miwani akamtazama vizuri, kwa huruma kabisa. “Una nini basi, mwanangu? Sema chochote nikuandikie.”

Somoe alitazama mikono yake. Ilikuwa na sugu mahali mpira unapokaa.

“Nipo,” akasema.

“Kuwepo si kiambatanisho.” Mhakiki akafunga kalamu. “Nimewapitisha wenzako wote kumi. Hakuna hata mmoja aliyeniletea maneno ya kuwepo.”

Taarifa ya habari ya siku hiyo ilianza kwa wimbo wa taifa. Ilisema operesheni imefanikiwa na mchezaji hewa mmoja amebainika katika timu ya taifa ya wanawake, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akila chakula cha serikali na kuchakaza viatu. Ameondolewa. Nafasi yake imechukuliwa na mpwa wa Mheshimiwa, msomi aliyeko masomoni ng'ambo, ambaye vyeti vyake vimewasili salama. Somoe aliisikia kwenye redio ya mlinzi wa geti, kaka mmoja aitwaye Zamoyoni. Walisikiliza wote mpaka mwisho, kisha Zamoyoni akapunguza sauti.

Somoe akauliza kama sasa atamfukuza. Zamoyoni alikuna kichwa. Alisema amelifikiria suala hilo na anaona gumu. Kumtoa mtu kambini kunataka jina lake liwe kwenye orodha ya waliomo, na jina lake halimo. Na kesho akitaka kuingia hataweza kumzuia pia, kwa sababu hakuna anayeingia.

Kwa hiyo alibaki. Mama yake mdogo alikuwa ameshapata mtu mwingine wa kuamia ndege, na mechi ilikuwa inakuja. Katibu alipokuja asubuhi kuita majina, sasa aliitikia yote kumi na moja, na kazi ikawa inakwenda haraka. Somoe alikaa kitandani kwake akisikiliza. Siku za mwanzo alikuwa bado anafungua mdomo ikifika mwisho wa orodha.

*

Hadhi ikaja. Mheshimiwa alikwenda ng'ambo kuipokea, akakaa kwenye kiti chenye mikono, akaletewa chai, na kwa furaha akainywa papo hapo. Ulimi wa Mheshimiwa ukaungua. Habari zilipofika nyumbani watu walitoka barabarani, shule zikafungwa, na gazeti la serikali likachapisha picha ya kikombe. Hotuba ya ushindi Mheshimiwa aliitoa kwa kithembe, na wakuu wa mikoa wote, kwa kumuunga mkono, wakazungumza kithembe wiki nzima.

Ikapangwa mechi ya kwanza yenye hadhi, timu ya wanawake dhidi ya ile ya nchi jirani. Wageni walifika kwa ndege, wakapelekwa hotelini, wao na mameneja wao na madaktari wao na mshereheshaji wao. Huko hotelini viongozi wa pande mbili walikutana kwa chakula cha asubuhi, wakatazamana, wakaelewana haraka kama watu wa ukoo mmoja. Mpira wa miguu una ushindi wa mezani, timu moja ikikosa kufika. Wao walikwenda mbele zaidi. Walikubaliana mechi yote ichezwe mezani, kati ya supu na matunda, ili kuwalinda wachezaji na jua. Mtangazaji wa redio akavutiwa kiti.

Uwanjani Somoe alikuwa ameamka mapema, akafagia, akasimamisha vijiti pande zote mbili. Alijua hatacheza. Alitaka kuwaona tu, hata kwa mbali, kisha labda mmoja angehitaji mtu wa kumrushia mipira ya kujaribu mkono. Alikaa kwenye majani akingoja. Jua likapanda. Getini, redio ya Zamoyoni ikaanza kupiga kelele.

Mtangazaji alisema anatangaza moja kwa moja kutoka uwanja wa taifa, ambao umefurika. Somoe alitazama majukwaa. Mtangazaji alisema nahodha wetu anaingia sasa, amevaa nyeupe, anapungia mashabiki. Somoe alitazama upande wa kuingilia. Mtangazaji alisema mpira huo, unakwenda, unakwenda, umepita juu ya vichwa vya watu, na sauti ile ilikuwa na uhakika kiasi kwamba Somoe aliinua uso akautafuta angani. Anga lilikuwa jeupe, halina kitu. Alisimama katikati ya uwanja, kwenye mechi iliyokuwa inachezwa pale pale alipokuwa amesimama, na hakuwahi kujisikia peke yake namna ile hata juu ya dungu.

Ndipo alipomwona mtu anakuja kutoka getini. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, amebeba begi refu begani, anatembea huku akitazama huku na huku kama aliyekosea nyumba.

“Samahani,” mgeni akasema. “Hapa ndipo kwenye mechi?”

“Ndipo,” Somoe akasema.

“Timu yenu iko wapi?”

Somoe aligeuka akatazama bweni. “Na yenu?”

Mgeni akatua begi chini. “Mimi ndio timu,” akasema. “Tulianza watatu. Mmoja akaolewa, mmoja akapata kazi mochwari. Wengine nawaona kwenye karatasi tu, dada yangu. Nimewaambia viongozi nataka hata kuuona uwanja, wakasema gari litanipitia wakimaliza kula.” Alitazama majukwaa, kisha vijiti, kisha mikono ya Somoe. “Naitwa Kavira. Wewe unarusha ama unapiga?”

“Narusha.”

“Basi mimi napiga.”

Akatoa kibao chake begini, akaenda akasimama mbele ya vijiti, akaugonga udongo mara kadhaa, akainama. Somoe alikwenda mwisho wa njia yake ya kukimbilia. Mahali pale alipozoea kuona vijiti vitupu sasa kulikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa anamtazama.

Mpira wa kwanza Kavira aliupiga vibaya sana, ukaenda mpaka ukutani. Wote wawili walisimama kungoja mtu aulete. Kisha wakatazamana, wakacheka mpaka Kavira akakaa chini.

Walicheza. Kavira alikuwa anasema kila wakati, anamtania, anamwambia leta mwingine, huo nimeupenda, huo mpe bibi yako. Somoe alikuwa anafikiri. Akarusha mmoja ukadunda karibu, ukaingia ndani ghafla, ukapita kati ya kibao na goti. Kile kijiti kidogo kinacholala juu ya vile vitatu kikatikisika, kikaanguka.

“Umetoka,” Somoe akasema. Alilisema kwa sauti ndogo, kwa kuwa hakuwa amewahi kumwambia mtu neno hilo.

“Nani katoka?” Kavira akageuka, akatazama nyuma yake. “Mpira haujagusa. Ni hewa imekiangusha.”

“Hewa?”

“Hewa, ndiyo. Kijiti chepesi hicho.”

Hakukuwa na jani lililokuwa linatikisika. Somoe alihisi uso unapata moto. Maneno yalipanda kutoka mahali asipopajua, akatembea mpaka mbele ya Kavira, karibu kabisa.

“Si hewa,” akasema. “Ni mimi.”

“Basi leta mwamuzi.”

“Mwamuzi yuko hotelini anakula.”

“Basi sijatoka.”

“Umetoka, na unajua. Usiwe mwongo mtu mzima.”

“Mwongo ni wewe unayerusha kiwiko kimepinda kama unafukuza kuku.”

Somoe akashtuka, akautazama mkono wake. Hakuna aliyewahi kumwambia, maana hakuna aliyewahi kumtazama akirusha akakaa na kumtazama tena. Akasema haujapinda. Kavira akasema umepinda. Wakamwita Zamoyoni aje aamue kama mtu katoka au hajatoka. Zamoyoni alikuja mpaka mstarini, akasema angependa sana kuwasaidia, ila kwa mujibu wa kazi yake uwanja ulikuwa mtupu. Akarudi kwenye redio, na redio ikawa inatangaza kwamba mechi imekwisha kwa sare ya heshima, na kwamba timu zote mbili zinakumbatiana.

Waliendelea kubishana. Kavira alikataa kuondoka mbele ya vijiti, akapiga kibao chini akakiegemea. Somoe alimweleza mpira ulivyopita, akachora kwa kidole kwenye vumbi, Kavira akaufuta kwa kiatu akachora wa kwake. Zamoyoni alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia watu wawili wakipiga kelele kiasi kile.

Basi la wageni likapiga honi nje ya geti. Viongozi walikuwa ndani, wameshiba, na ndege ilikuwa inangoja. Kavira akaingiza kibao begini akakimbia huku bado anakataa kwa kichwa. Somoe alimfuata mpaka barabarani. Dirisha la nyuma likafunguliwa.

“Sijatoka,” Kavira akasema.

“Umetoka.”

“Sijatoka, dada. Nitakwambia mpaka kesho.”

Basi likaondoka. Kwenye kona ya gereji mkono wa Kavira ulionekana dirishani ukikataa, kidole kimoja juu, kisha kona ikaumeza. Vumbi lilikaa hewani, likashuka. Somoe alibaki amesimama katikati ya barabara.

“Umetoka,” akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemjibu mtu aliyeketi naye mkeka mmoja.

Kisha akanyamaza kidogo, kumpa nafasi ya kujibu.